Nusu Kidonge cha Nyangeta

Sijui kukaa. Tangu nikabidhi funguo za duka la dawa nimeshapanga upya kabati la vyombo kwa ukubwa, halafu kwa rangi, nimepalilia bustani yangu mpaka nikavuka kwa jirani, na wanangu wameanza kunificha fagio. Asubuhi miguu inataka kwenda kazini. Nafika kwenye kona ya barabara hapa Kitaji, nakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri, narudi nyumbani nimenuna. Kwa hiyo nyie vijana mliobaki kaunta mliponiambia, "Mama, tuandikie kidogo ulikopitia," mlidhani mnanipa heshima. Mlinipa kazi ya mikono, na nawashukuru. Nikirukaruka mnivumilie. Hata kazini nilikuwa naizunguka ile kaunta kama kuku anayetafuta pa kutagia, mnajua wenyewe.

Vyeo na mishahara sivigusi. Nitaandika zaidi kuhusu dawa moja, kwa sababu ndiyo iliyonitoa jasho kuliko zote, na kwa sababu najua bado mnaiuza huku mkiangalia pembeni.

Lakini nianze mwanzo. Siku yangu ya kwanza ilikuwa katika zahanati moja upande wa Butiama. Nilikuwa nimetoka chuoni na koti jeupe lililonyooshwa vizuri, najiona najua. Mvua ilikuwa inanyesha na bati halikuwa na dari, kwa hiyo mgonjwa na mtoa dawa walikuwa wanapigiana kelele dirishani. Akaja mwanaume mmoja wa makamo, akanipa cheti, nikasoma, nikamuuliza kwa sauti ile niliyofundishwa, ya kusikika vizuri, kama usaha bado unatoka. Benchi zima likageuka. Yule baba alichukua kofia yake akataka kuondoka bila dawa.

Mzee Manyama, aliyekuwa mkuu wa chumba cha dawa pale, alinisogeza kwa kiwiko, akatoka nje kwenye mvua, akamshika yule baba begani na kumnong'oneza sikioni namna ya kumeza. Aliporudi maji yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye soksi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ugonjwa wa mtu ni wake. Wewe unaushikaga kidogo tu halafu unamrudishia." Kisha akanipa kisahani cha kuhesabia vidonge na kijiti chake, akanikalisha kwenye kona, na kwa wiki nzima sikuruhusiwa kuongea na mtu.

Nilimchukia kidogo, halafu nikampenda sana. Mzee Manyama ndiye aliyenifundisha kumwambia mgonjwa arudie maelekezo kwa mdomo wake mwenyewe kabla ya kuondoka. Alinifundisha kuangalia kucha za mtu anaponyoosha mkono kupokea dawa, maana uso wa mtu unajikaza, kucha haziwezi. Alinifundisha pia kukata kidonge kwa wembe bila kukisaga. Siku hizi mna kile kidude cha plastiki chenye wembe ndani, unafunika, unabonyeza, basi. Sisi tulikuwa tunakata juu ya kipande cha kioo, na ukikosea nusu moja inarukia chini ya kabati, unaipigia magoti.

Baadaye nikapelekwa Bunda, na huko ndiko nilikokutana na dawa yenyewe. Jina lake ni sildenafili. Mtaani ina majina mengi, mengine siyaandiki kwa sababu mchungaji wangu naye anasoma. Wanaume wa Bunda hawakuipa jina lolote. Mtu anaingia, anaomba dawa ya kichwa, anaichukua, haondoki. Anahamia kwenye miswaki. Anaiangalia miswaki kana kwamba anachagua ng'ombe mnadani. Wateja wakipungua anarudi, anauliza, "Hakuna kijana wa kiume hapo ndani?" Nikisema niko peke yangu, anavuta pumzi. "Basi nipe ile."

"Ipi?"

"Ile, dokta. Ya mgongo."

Nilijifunza kutouliza mgongo gani. Nilikuwa naitia kwenye mfuko wa kaki kabla haijapita juu ya kaunta, naukunja mara mbili, na maelekezo nayasema kwa sauti ya kusalimia. Nilikuwa fundi wa kusitiri. Wanaume walikuwa wanatoka vijiji vya mbali kuja kwangu, wakiyapita maduka mengine njiani, kwa sababu walisikia kuna mama mmoja pale hana mdomo. Nilijivunia sana sifa hiyo, na mtaona ilivyonifanya.

Ila kuna jambo ambalo sikulifanyia aibu hata siku moja, nalo ni kuuliza kuhusu moyo. Alikuja mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya baiskeli, akataka "ile". Nikamuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. Akasema hatumii, yeye ni mzima kama chuma. Wakati anasema hivyo jasho lilikuwa linamtoka, akatoa kichupa mfukoni kwenye shati, akaweka kidonge chini ya ulimi, akaendelea kuongea. Nilikijua kile kichupa. Ni dawa ya wenye maumivu ya kifua, nayo inapanua mishipa, na sildenafili nayo inapanua mishipa. Ukizikutanisha, presha inashuka mpaka mtu anaanguka na hainuki tena. Nikamnyima.

"Unaninyima kwa sababu wewe ni mwanamke," alisema.

"Nakunyima kwa sababu wewe una kifua."

Alifoka, akaondoka, nikakaa nina wasiwasi kwamba ataipata kwingine. Nilishindwa kutulia. Mwishowe nikafunga duka mchana, nikaenda mwenyewe mpaka dukani kwake, nikasingizia kwamba nataka tairi. Nilimkuta mkewe. Tukaongea kidogo kwa mafumbo, yule mama akanielewa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwache, dokta," alisema. "Mimi na yeye tulishapumzikaga zamani. Sijui nani anamsumbua akili." Tairi nililonunua halikuwa la baiskeli yangu, lakini nilirudi na amani.

Wale wanaouza unga wa mizizi stendi nao wapo, na nawaonya. Unga ukifanya kazi haraka kuliko kawaida, jueni kuna mtu amesagia kidonge humo ndani. Mwenye kifua atakufa bila kujua kwa nini.

Sasa nije Musoma, na nije kwa Nyangeta.

Duka letu mnalijua, lile la karibu na Mwigobero, ambapo harufu ya dagaa inaingia mpaka kwenye pamba. Siku moja aliingia kijana anaitwa Wambura, fundi wa injini za boti, mikono yake imejaa grisi. Alinipa cheti kutoka kwa daktari bingwa Mwanza. Nikasoma dawa: sildenafili, nusu kidonge, asubuhi, mchana na jioni. Macho yangu yakarudi juu kwenye jina. Mgonjwa alikuwa mwanamke, Nyangeta, mkewe.

Nisiwafiche, nilifurahi, vile mtu anavyofurahi akikutana njiani na kitu ambacho alikisoma tu kwenye vitabu. Dawa hii haina jinsia. Kazi yake ni kulegeza mishipa ya damu ili damu ipite kwa nafasi. Kwa mwanaume mwenye upungufu inasaidia kule mnakojua. Lakini kwenye mapafu nako kuna mishipa inayoisikia dawa hiyohiyo, na kuna watu ambao mishipa yao ya mapafu imebana na kukakamaa, damu inapita kwa kusukumwa, na moyo unachoka kwa kuisukuma. Hiyo ndiyo presha ya mapafu. Haipimwi kwa kufunga mkono. Mkono unaweza kusema kila kitu kiko sawa huku mtu hawezi kuvuka uwanja.

Nyangeta alizaliwa na tundu kwenye moyo, na hakuna aliyelijua. Shuleni aliitwa mvivu, shambani akaitwa mwenye madaha. Akaja kuolewa, akajifunza cherehani kwa sababu ni kazi ya kukaa, na ilipofika siku ambayo madaktari waliliona lile tundu, mapafu yalikuwa yameshaharibika na kuliziba kulikuwa hakusaidii tena. Walimpa dawa. Wakamwambia pia, yeye na mumewe, kwamba asishike mimba, maana moyo wake hautaibeba. Yote haya Wambura alinieleza akiwa ameinamisha kichwa. Nikampa dawa, nikaifunga kwenye mfuko wa kaki kama kawaida yangu.

Alikuwa anakuja vizuri, kwa wakati. Siku nyingine alikuja na Nyangeta mwenyewe, mwembamba, mcheshi, kucha zake zina rangi ya zabibu na ncha za vidole zimevimba kwa mviringo. "Tangu nianze hii, dokta, nafikaga kisimani bila kukaa chini," aliniambia. Kwa watu wengine hilo si neno. Kwake lilikuwa kubwa.

Kisha mama yake Wambura, mjane aliyekuwa anaishi kijijini upande wa Bunda, akahamia nyumbani kwao Bweri, pembeni ya mji, ili amsaidie mkwe kazi za nyumbani. Baada ya hapo Wambura akaanza kuja kabla ya wakati. Mara ya kwanza alisema vidonge vimelowa. Mara ya pili akasema vimepotea. Mara ya tatu alihamia kwenye miswaki.

Nikamuingiza kwenye kile kichumba cha nyuma cha makatoni. Mawazo yangu hayakuwa mazuri. Niliona kama anawagawia wenzake kule kwenye boti.

"Wambura, dawa ya Nyangeta inakwenda wapi?"

"Chooni, dokta."

"Chooni?"

"Mama anazitupaga. Anafikiria ni za kwangu."

Hadithi ikatoka kwa vipandevipande. Mama Wambura alikuta foili ya vidonge akiwa anafagia. Hasomi, akaenda nayo kijiweni kwa bodaboda kuuliza. Vijana wakacheka, wakamwambia ni dawa ya nguvu za kiume. Yule mama hakupiga kelele. Alirudi nyumbani akajumlisha mambo mwenyewe: mwanawe ameoa miaka kadhaa, ng'ombe wa mahari walishakwenda, mjukuu hakuna, na sasa hii dawa. Akaona ameelewa. Kwa kumpenda mwanawe akavitupa vile vidonge vya dukani, ambavyo alisikia vinaharibu moyo, akaanza kuchemsha mizizi ya kwao pamoja na vichwa vya sato. Kila jioni anamwekea mwanawe bakuli.

"Ananiwekea halafu anaangalia ukutani mpaka nimalize," Wambura alisema. "Mi nakunywa."

"Unakunywa? Kwa nini humwambii?"

"Nitaanzia wapi, dokta? Ili niseme si za kwangu, lazima kwanza niseme ni za nini. Mbele ya mama mzazi?"

"Nyangeta je?"

"Nyangeta na mama mkwe wake?" Aliniangalia kama nimeingia mkoani Mara jana.

Msiotoka huku mtacheka. Mimi sikucheka. Kijana hataji mambo ya chumbani mbele ya mama yake, na mkwe ndiyo kabisa. Nyangeta alikuwa hata hapiti mbele ya yule mama bila kuinama, na kama kanga ya mama mkwe imeanikwa kwenye kamba, yake anaianika kwingine. Walikuwa watu watatu wenye upendo katika nyumba moja, na hakuna aliyeruhusiwa kulitaja jina la kidonge. Wakati huohuo dawa ilikuwa imekatika ghafla, kitu ambacho hakitakiwi. Mishipa iliyokuwa imezoea kulegezwa inabana upya, tena kwa hasira.

"Anapumuaje sasa?" nikauliza.

"Analala amekaa."

Nilivua koti nikamwachia mwenzangu kaunta. Nilipanda bodaboda mpaka Bweri, njia nzima namhimiza dereva mpaka akaniuliza kama kuna msiba.

Mama Wambura alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa upole, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Akanitandikia mkeka, akaninawisha, akaleta ugali na dagaa kabla sijasema neno. Nyangeta alikuwa barazani ameegemea ukuta, midomo yake imeingia kijivu. Alinisalimia kwa maneno mawili, akapumzika katikati.

"Mama," nikaanza, "nimekuja kuhusu dawa za mkwe wako. Zile ulizozikuta ni zake. Ana presha ya mapafu."

"Presha yake walimpima juzi hapo kituoni. Walisema iko sawa kabisa."

"Walipima ya mkono, mama. Hii ni nyingine, iko ndani ya mapafu. Ile dawa inafungua mishipa ya kule."

Nilieleza yote, polepole, kama ninavyowafundisha nyie. Nilichora mapafu mavumbini kwa kidole. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, anaitikia kwa kichwa kwa adabu. Nilipomaliza, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamemlowa.

"Asante sana, dokta. Nimesikiaga nyie watu wa dawa mnatunzaga siri za watu. Umetoka mjini mpaka huku kumsitiria mwanangu. Mungu akubariki."

"Simsitiri, mama. Nakwambia ukweli."

"Najua, mwanangu. Najua. Kula dagaa."

Nawaambia, nilitaka kulia pale kwenye mkeka. Kila nilipozidi kueleza, yeye alizidi kunishukuru. Hata uongo ungeaminika kuliko ule ukweli wangu. Mimi ndiye mama asiye na mdomo, mwenye mifuko ya kaki, na sasa nilikuwa nimefungua mdomo na hakuna aliyesikia kitu. Nikamfikiria mchungaji, nikamfikiria daktari. Naye daktari angeambiwa anasitiri. Nikapata hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana nilikuwa nasikia pumzi ya Nyangeta kutoka pale nilipokaa.

Nyangeta alinisindikiza. Nilimkataza, akasema mgeni hasindikizwi kwa macho. Alisimama kwenye mihogo, akasimama tena getini. Nikampa vidonge vilivyokatwa, nikamwambia avifunge kwenye pindo la kanga. Akameza nusu moja palepale, bila maji. Vilivyobaki akanirudishia.

"Akivikuta kwangu ataona namdanganya nyumbani kwake," alisema. "Siwezi, dokta."

"Utakufa kwa adabu, Nyangeta."

Akatabasamu. Halafu akasema, kwa vipande, "Angekuwepo bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi Mugesi. Mama yake na mama mkwe. Yuko Butiama. Anamuitaga Wambura mume wangu. Yule hanaga breki."

Nikasimama pale getini kama mtu aliyepigwa na mwanga. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni watani. Bibi anamwita mjukuu mume, anamwomba hela ya kanga, anamgombeza kwa kuoa mke mwingine, na hakuna neno la chumbani ambalo hawezi kulitamka hadharani, watu wote wakacheka. Nilirudi mjini nikamkuta Wambura kwenye injini yake. Kumbe alishamfikiria bibi, ila aliogopa.

"Atacheka mpaka Butiama yote isikie," alisema.

"Acha isikie," nikamwambia. "Kesho Jumapili. Tafuta gari."

Akaazima pikapu ya tajiri wake, ile ya kubebea barafu ya samaki, na baada ya ibada tukaondoka. Bibi Mugesi tulimkuta ndio ametoka kanisani, anamenya viazi na gauni lake la Jumapili, miguu peku. Aliponiona nikishuka, akaweka kisu chini.

"Mume wangu! Umeniletea mke mwenzangu mwingine? Mbona huyu ni mzee kama mimi?"

Sikujitetea. Wambura akachuchumaa karibu naye, akamweleza yote, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiitaja ile dawa kwa kazi zake zote mbili bila kumeza mate. Bibi alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga paja, akasema, "Kwa hiyo wewe unakunywaga tu!" Kisha akapangusa macho.

"Na mke mwenzangu anapumua?"

"Kwa shida, bibi."

"Nipeni viatu vyangu."

Bweri tulimkuta Nyangeta palepale barazani, safari hii ameinamia mbele, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Mama Wambura alikuwa jikoni nje, chungu kiko motoni. Alipomwona mama yake anashuka kwenye pikapu ya barafu akakimbia kumpokea, lakini bibi hakungoja salamu.

"Binti yangu, nasikia unamnywesha mume wangu mizizi."

Mama Wambura akajifunika uso kwa kanga. "Mama! Kuna mgeni."

"Mgeni ni muuza dawa, anajua yote. Mimi nimekuja kutoa ushahidi. Huyu ni mume wangu tangu azaliwe, mimi ndio mkewe wa kwanza, na nakwambia mbele ya Mungu mume wangu ni mzima. Hana kasoro. Ulimzaa vizuri. Anayeumwa ni mke mwenzangu. Dawa ni za kwake, za mapafu! Wewe unamchemshia mzima, mgonjwa umemnyima."

Wambura alikwenda kusimama nyuma ya pikapu. Jirani mmoja aliyekuwa anachota maji aliacha ndoo ikafurika. Mama Wambura aliishusha kanga polepole, akanigeukia mimi.

"Dokta. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Ndicho nilichokwambia jana."

"Jana ulikuwa unasitiri."

"Jana sikuwa nasitiri."

Akamwendea Nyangeta. Sidhani kama alikuwa amewahi kumtazama usoni sawasawa, wala Nyangeta hakuwa amewahi kuuinua uso mbele yake. Nikamwonyesha kucha. Nikauchukua mkono wa yule mama na kuuweka mgongoni kwa mkwe wake, upande wa moyo, akausikia unavyopiga. Alikaa na mkono wake pale kwa muda. Halafu akauliza, bila kuangalia mtu:

"Na mtoto?"

Nyangeta akaanza kulia, na kulia kulikuwa kunamkata pumzi, kwa hiyo nikajibu mimi.

"Hatakiwi kushika mimba, mama. Ingemuua. Madaktari waliwaambia wote wawili."

"Walijua."

"Walijua. Walishindwa kukwambia."

Mama Wambura aliinuka. Akaenda jikoni, akashika kile chungu kwa pindo la kanga, akakibeba mpaka nyuma ya nyumba, akamwaga, mizizi na vichwa vya samaki na vyote. Alirudi na kikombe cha maji. "Nionyeshe," akaniambia. Nikatoa kidonge, nikakikata mbele yake, nikaweka nusu kwenye kiganja chake. Akapiga magoti, yeye mama mkwe, akakiweka mdomoni kwa Nyangeta kwa mkono wake na kumshikia kikombe.

Nusu ile haikumponya, na hakuna itakayomponya. Lakini ndizo nusu zilizomfikisha mpaka leo kwenye cherehani yake, na sasa ni nyie mnaozikata. Ikikaribia kuisha kwenye shelfu, agizeni kabla haijaisha. Nyangeta msije mkamwambia arudi kesho.

Siku ile tulibaki barazani. Bibi alimalizia ugali wa watu. Akilala chali Nyangeta alikuwa hapumui, kwa hiyo Mama Wambura alikaa nyuma yake, akanyoosha miguu, akamwegemeza kifuani pake, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mkwe na mama mkwe, wala sijaliona tena. Tulisubiri. Mabega ya Nyangeta yakaanza kupungua kupanda, midomo ikaanza kurudi rangi, kichwa kikalala begani kwa yule mama. Wambura akapata ujasiri wa kutoka nyuma ya pikapu, akaja anaburuta viatu, akauliza kwa sauti yake ya injini kama tayari twende tumrudishe bibi.

Mama yake akamnyooshea kidole.

"Nyamaza," akasema. "Mtoto amelala."